Mtia Makaa wa Siku Moja

Alhamisi, 7 Agosti 2025

Adelina wangu (mwenyewe hajui bado) atapanda treni yetu keshokutwa, yeye na kwaya nzima ya Walthamstow, kule London! Na mimi, Ulimboka, atanikuta nafagia stesheni. Haiwezekani.

Reli hii ilifungwa miaka ya sitini, ikaota magugu. Watu wa kujitolea wakaifufua kwa mikono yao, injini ya mvuke ikarudi. Kama chuma kikuukuu kimefufuliwa, mimi je? Lakini mtia makaa ni Gervais. Mkongomani. Mabega kama kabati. Adelina alishawahi kuyasifu, tena mbele yangu.

Ijumaa, 8 Agosti

Njia imepatikana. Nimemwambia Gervais kwamba kwa joto hili moto umekatazwa, cheche zisichome nyasi, kesho itavuta injini ya dizeli, apumzike tu. Akanishukuru! Kisha nikamwendea Poonam, mkuu wa stesheni. Nikasema Gervais anaharisha, na kwamba mimi kwetu Mbeya nilitia makaa miaka mingi. (Nilichoma mahindi. Makaa ni makaa.) Akanitazama sana. Akakubali, shingo upande.

Jumamosi, 9 Agosti



Tuliondoka vizuri. Adelina alinipungia! Nikatia makaa, beleshi juu ya beleshi. Dereva, Mzee Kamande, akanionya nisirundike. Nikaongeza. Adelina alikuwa bado anachungulia dirishani.

Tukaingia kwenye handaki. Moto ukafifia chini ya rundo langu. Mshale wa kipimo cha mvuke ukashuka, ukashuka. Breki zikakosa mvuke, zikajikaza zenyewe. Tukasimama. Giza, na moshi hauna pa kwenda.

Nyuma, kwaya ikaanza kukohoa. Mtoto akalia. Mzee Kamande akaniuliza taratibu, "Wewe, kabla ya leo makaa ulitia wapi?" Nikainama kuokota kipande cha makaa. Akasema moto ukizima tutawashusha wote wapapase ukuta hadi nje, na mle ndani mna bibi wa kiti cha magurudumu.

Mtu akapanda kutoka behewani, leso puani. Gervais! Kumbe kwa kuwa nilimpa mapumziko, Adelina alimwalika; alidandia behewa la mwisho tukiondoka, injini hakuiona.

"Sogea, ndugu."

Akayachokonoa makaa kwa chuma kirefu, akafungulia hewa. Tukangoja. Sijawahi kumwomba Mungu hivyo. Mwali mmoja. Mwingine. Mshale ukatikisika, ukapanda.

Tulipotoka kwenye mwanga watu walikuwa wanalia na kucheka. Adelina akamfuta Gervais masizi kwa khanga yake. Mimi hakunitazama.

Jumatatu, 11 Agosti

Poonam amefoka mpaka sauti imemkauka. Injini nisiiguse tena maishani. Nioshe vyoo vya mabehewa. Gervais hakunipiga, aliuliza tu kwa nini. Nikamjibu kwamba nilijali afya yake.

Lakini! Kutoka chooni nimekiona kibanda cha ishara za treni. Kiko juu, vioo pande zote. Mtu akisimama mle, stesheni nzima inamwona. Mwenye kibanda ni Luc, mzee mwenye afya tele. Nimempitia asubuhi na mchana, nikamwambia macho yake yameanza kuwa ya njano, bora akapumzike.

Jioni nimemwona anajitazama macho kwenye kioo.