Kitabu cha Karani, Saini ya Bosi

Benchi lililo mbele ya kibanda changu cha viatu ni langu. Mbao nilinunua mimi, misumari nilipiga mimi, lakini tangu watu waligeuze kijiwe, mimi nakaa juu ya debe. Haya. Jumatano asubuhi nilikuwa nabandika soli, Mama Birika anamimina kahawa yake, mara Mashine, kinyozi wa mlango wa pili, akatoka mbio na simu mkononi.

"Jamani! Yule aliyekuwa bosi wa Karani katoa kitabu!"

"Kitabu cha wageni?" akauliza Breki. Huyu aliendesha lori miaka na miaka, na mpaka leo hakuna habari inayompita bila kuikanyagia breki kwanza.

"Cha hadithi, wewe! Tazama picha. Suti hiyo, tumbo hilo, kitabu mkononi, kaandika 'Kazi ya mikono yangu'. Watu mia tatu wamempongeza!"

Nikamnyang'anya simu. Jalada nikalijua papo hapo. *Stoo Namba Tisa*. Nitaachaje kulijua, na maboksi manne ya kitabu hicho yamejaa kibandani kwangu mpaka nashona nimekaa upande upande?

Tukageuka sote kumtazama Karani, mwisho wa benchi. Koti limepigwa pasi, macho yako kwenye viatu vyake.

"Karani," nikasema, "hiki si chako?"

"Changu," akajibu kwa sauti ya mtu aliyekutwa na kosa.

Karani alimpigia bosi huyo chapa kwa miaka thelathini. Barua, hotuba, kumbukumbu za vikao, hata salamu za rambirambi. Alipostaafu akaandika kitabu chake kwenye meza ya jikoni, miaka mitatu. Akakipeleka kwa wachapishaji, nao baada ya miezi kumi na minne wakamjibu kwamba wamekipokea. Basi akaamua kujichapishia mwenyewe, nakala mia mbili, na tovuti akaitengeneza kwa simu, kwa kidole kimoja.

"Mimi nilisema tangu mwanzo," Breki akaanza. "Mtu hajichapishii kitabu. Lazima kuna ofisi inayotoa kibali."

"Ofisi gani?" Mashine akauliza.

"Ofisi! Kwani unadhani watu wanaamka tu asubuhi wanaandika?"

"Ndivyo wanavyofanya, Breki."

"Ndiyo maana dunia imejaa maneno."

"Achana na ofisi, kuna mwizi hapa! Mimi kitabu hiki nimefika ukurasa wa arobaini, pale mama wa stoo anapopiga deki huku anaimba. Nililia na mashine mkononi, mteja akaondoka na mfereji kichwani. Leo bosi aseme ni chake? Twendeni kwake!"

"Hajaiba," akasema Karani.

"Eti?"

"Nilimpelekea nakala moja, zawadi. Akafungua ukurasa wa kwanza, akaona mstari, akatoa kalamu, akasaini. Akaniambia, 'Nyingine ya kusaini?'"

"Mstari gani?"

Nikaingia kibandani nikachomoa nakala moja. Jaladani, jina la kitabu tu. Ukurasa wa kwanza, jina la kitabu, chini yake vidoti vimepangwa mstari mzima, na chini ya vidoti, neno moja: *Mwandishi*.

Mama Birika akaweka birika chini.

"Karani, jina lako liko wapi?"

"Hapo," akaonyesha vidoti. "Ndipo linapokaa jina la mwenye maandishi."

"Sasa mbona hukuliandika?"

"Mimi siandiki jina, mama. Nachapa, naacha nafasi, mwenyewe anakuja anasaini."

"Mwenyewe ni wewe!"

"Hilo nililiona baadaye. Maboksi yalikuwa yameshafika."

Lo! Mtu unaweza kuipiga ngumi soli ya watu bure. Mashine akafungua tovuti ili walau tuone mambo ya huko, akabonyeza *Kuhusu Mwandishi*. Ikatokea picha ya kiti kitupu kimetundikwa koti, na maneno haya: "Mwandishi hayupo kwa sasa. Tafadhali acha ujumbe."

Breki akacheka mpaka kahawa ikamtoka puani. Mama Birika hakucheka hata kidogo.

"Miaka mitatu mkeo anakula chakula mapajani kwa sababu meza imejaa makaratasi yako. Leo unampa mtu mwingine jasho lako, tena kwa adabu?"

"Yule anaamini kabisa kaandika yeye," Karani akasema. "Miaka thelathini namletea karatasi, anasaini, kesho yake anasifiwa kwa barua nzuri. Hajawahi kuandika hata moja. Angejuaje kwamba hii ni tofauti?"

"Na wewe unaumia, huumii?"

Karani akavitazama tena vidoti. "Naumia sana. Yule mwanamke wa stoo ni mama yangu. Alifagia stoo ile mpaka mgongo ukakataa. Sasa picha ile inasema ni kazi ya mikono ya bosi."

Hata Breki akaacha kucheka.

Simu ya Karani ikalia. Mashine, mikono haimtulii, akaibonyeza isikike na sisi sote.

"Habari za asubuhi," ilikuwa sauti ya mwanamke. "Napiga kutoka duka la vitabu. Namba nimeitoa kwenye tovuti ya *Stoo Namba Tisa*. Tumekisoma hapa, tunataka kukiweka dirishani. Orodha yetu ya vitabu inakwenda kuchapwa sasa hivi, imebaki jina la mwandishi tu. Nimeona picha ya bwana mmoja wa suti. Nimwandike yeye?"

Karani akasimama. Akakaa. Akasimama tena, akafunga vifungo vya koti.

"Hapana. Bwana yule siye."

"Basi ni nani? Naweza kuongea na mwandishi mwenyewe?"

"Bila shaka," akasema Karani. "Subiri kidogo, nikuunganishe naye."

Mama yangu wee! Mashine akajishika kichwa. Breki akafumba macho. Mama Birika akainua kijiko cha sukari, nikadhani anampiga nacho. Karani akaishusha simu kifuani, akaifunika kwa kiganja. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Akakohoa. Akajinyoosha mpaka nikagundua kwamba ni mrefu kuliko mimi. Kisha akairudisha sikioni.

"Halo," akasema kwa sauti nzito ambayo benchi langu halijawahi kuisikia. "Mwandishi anaongea."

Akataja jina lake, la baba yake, na la babu yake, moja moja, taratibu, kama anayemsomea mtu aandike. Hatukuwa tumewahi kuyasikia. "Yaandike yote matatu," akamwambia, "na lile la katikati lisifupishwe." Akaaga, akakata simu, akakaa.

Mama Birika akampa kikombe cha kahawa, akamwinamia.

"Na huyo mwandishi, umemwonaje?"

Karani akapuliza kahawa, akafikiri.

"Mkali kidogo," akasema. "Lakini tutazoeana."