Chura Aliyetangulizwa Mbele ya Jumbe

Kitongoji cha Kwa Mwishehe,
Njia ya Reli, upande wa Soga.
28 Aprili, 1952

Kwa Bwana Shauri,
Boma la Kisarawe.

Bwana Mheshimiwa,

Nakusalimu kwa mikono miwili, na kofia nimeivua ingawa hunioni. Sisi huku hatujambo. Mvua inanyesha, mihogo inaendelea vizuri, na hakuna mtu aliyempiga mwenzake tangu taarifa yangu ya mwezi uliopita, isipokuwa mara moja tu, na aliyepigwa amekiri kwamba alistahili.

Mimi ni Jumbe Kibwana bin Mwishehe. Kitongoji hiki kinaitwa kwa jina la marehemu baba yangu, aliyekuwa jumbe miaka ishirini na sita kabla yangu. Nasema hivi si kwa majivuno, ila upate kupima uzito wa jambo ninalokuletea, maana ukilisoma harakaharaka unaweza kudhani ni jambo la chura tu.

Kuna Mzungu mmoja wa Dar es Salaam ambaye jina lake halisi silijui. Watu wamemwita Bwana Miguu Mitatu, kwa sababu kamera yake husimama juu ya miguu mitatu, naye akijifunika kile kitambaa chake cheusi huonekana kama mnyama mmoja mwenye miguu mitano. Kila Jumamosi hushuka hapa kwa gari moshi la asubuhi, akapiga picha, jioni akarudi. Hakutumwa na mtu. Hufanya hivyo kwa kujifurahisha. Mkalimani wake ni Lukasi, mshika bendera wa kituo chetu, mtu mzima mwenye watoto watano, Mkristo mwema, ila ana kasoro moja: hucheka upesi.

Manung'uniko yangu nayapanga kwa namba, kama ulivyotufundisha.

1. Gari moshi.

Siku ya kwanza watu walipoiona ile miguu mitatu walitawanyika. Sisi tunaijua miguu mitatu ya wapima ardhi, Bwana. Ikisimama shambani leo, kesho unaambiwa shamba si lako. Akina mama wakaanza kung'oa mihogo ambayo haijakomaa. Nikaenda mimi mwenyewe na bakora yangu, nikamuuliza Lukasi huyu bwana anapima nini.

Lukasi akasema, "Hapimi kitu, Jumbe. Anataka kupiga picha gari moshi."

"Ya kazi gani?"

"Ya kutazama."

Nikamwambia, "Kwani halijui? Si amekuja nalo?"

Lukasi akacheka. Nilipoona hakuna shari nilirudi nyumbani, nikavaa kanzu nyeupe, joho la baba na kilemba, nikaja kusimama kando ya reli, kifua mbele, mahali ambapo mpiga picha mwenye macho asingeweza kunikosa. Gari moshi likatokea. Bwana akachomoa kichwa kwenye kitambaa akapaza sauti, "Wewe! Toka kidogo! Ficha gari!"

Nikatoka. Sikununa, Bwana Shauri. Gari moshi ni kubwa, ni mali ya serikali, tena linapiga honi. Mimi sipigi.

2. Kilima.

Jumamosi ya pili alikuja kupiga picha kilima kilicho nyuma ya shamba langu. Nakijua kilima kile tangu utotoni na naapa hakijafanya lolote. Alikaa saa mbili akingoja wingu lisogee. Nikaona kwamba kilima kitupu si picha, nikapanda hadi juu na joho langu nikisaidie. Bwana aliponiona akanipungia mkono. Nikampungia. Akapunga kwa mikono miwili. Nami nikapunga kwa mikono miwili, tukaendelea hivyo karibu robo saa, nikajisemea kwamba Wazungu wakimpenda mtu humpenda kweli. Halafu Lukasi akaja juu akitweta, akaniambia, "Jumbe, anakuomba ushuke."

Hilo nalo nililimeza. Kilima kimenitangulia kuzaliwa.

3. Chura.

Hapa, Bwana, ndipo uvumilivu wangu ulipokatika kamba.

Jumamosi ya tatu mvua ilikuwa ya manyunyu. Bwana Miguu Mitatu akaomba kujihifadhi kwangu. Nikamkaribisha kwa furaha, maana safari hii palikuwa hapana gari moshi wala kilima, palikuwa na mimi. Nikaenda chumbani kuvaa. Niliporudi nilimkuta amelala kifudifudi kwenye tope la ua wangu, kando ya mtungi wa maji, kamera mbele ya uso, akimnong'oneza chura.

Si chura mgeni. Ni chura wa hapahapa, anakaa chini ya mtungi ule, na kila mtu wa nyumba hii amewahi kumpiga teke bila kukusudia. Bwana akawa anamwambia, "Mzuri sana. Mzuri sana. Kaa hivyo." Nikasimama nyuma yake. Akaniambia bila hata kugeuka, "Tafadhali, kivuli yako."

Nikasogeza kivuli changu, Bwana Shauri. Katika ua wangu.

Kisha mvua ikaongezeka, akaogopa chura ataondoka. Akamwomba mke wangu Mwanne amshikie mwavuli. Mwanne akamshikia chura mwavuli. Mwavuli ule ni wangu. Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili tu kutoka hapo, joho la baba likilowa hadi likaanza kutoa rangi kwenye kanzu. Usiku nilimuuliza Mwanne kwa nini hakunikinga mimi. Akanijibu, "Baba Abdala, wewe hujaombewa."

4. Madhara ya namba tatu katika utawala.

Habari zilizunguka kitongoji kizima kabla nguo zangu hazijakauka. Jumatatu yake niliketi barazani kusikiliza kesi ya Hemedi na Shomari. Mbuzi wa Shomari amekula mchicha wa Hemedi, kesi nyepesi. Nikatoa hukumu. Shomari akainuka mbele ya watu wote akasema, "Mimi nakata rufaa kwa chura. Ndiye anayejulikana huko juu."

Watu walicheka hadi mzee mmoja akashindwa kupumua ikabidi apepewe. Tangu siku hiyo, mtu akiniita "Jumbe" hutazama kwanza chini ya mtungi. Wanawake wakija kuteka maji humwamkia "Shikamoo", na wanasema huwa anaitikia. Mimi nikiwaita watu kulima barabara wanakuja nusu. Nina hakika angewaita yeye wangekuja wote.

5. Ngedere.

Serikali imetuamuru tufukuze ngedere mashambani, na sisi ni watu wa kutii. Jumamosi iliyofuata walivamia mahindi ya Hemedi. Tulipotoka na marungu, Bwana Miguu Mitatu akatuzuia kwa mkono, akasema, "Ngoja. Mwanga bado." Tukangoja mwanga. Ngedere hawakuungoja. Walikula mistari minne, na mmoja wao, mwenye mkia mrefu, alishika hindi akakaa wima, akageuza uso upande. Bwana akafurahi mno. Sasa kila Jumamosi wanakuja mapema na kukaa ukingoni mwa shamba wakitazama upande wa kituo. Hemedi ananiuliza amtii nani, Bwana Shauri au mwanga. Naomba jibu kwa maandishi.

6. Jambo ambalo ningependa lisisomwe kwa sauti.

Nilifikiri kwa siku nyingi. Nikaona huyu bwana hana chuki nami, ila jicho lake limezoea wanyama. Basi mtu mwenye busara hapigani na jicho, hulifuata. Jumamosi iliyopita, kabla gari moshi halijafika, niliingia katika matete ya bondeni, mahali anapopenda kuwavizia korongo. Nikachuchumaa. Nilikusudia, atakapoelekeza kamera pale na kuona kitu kinatikisika, apige upesi kabla hajajua ni nini.

Nilikaa humo saa tatu. Siafu walinipata katika saa ya kwanza. Katika saa ya pili korongo mwenyewe alikuja, akanitazama, akaondoka zake. Hatimaye nikasikia miguu mitatu ikichomekwa kwenye tope. Nikatikisa matete kidogo, kwa ustadi. Nikatikisa tena, nikachomoza kilemba taratibu, kisha paji la uso, kisha uso mzima.

Bwana Miguu Mitatu akanitazama. Akasema, "Aa. Ni wewe." Akafunika kamera.

Lukasi ilibidi akae chini.

Bwana Shauri, usinione mtu mwepesi. Nitakueleza kilichonipeleka kwenye matete. Marehemu baba hakupigwa picha hata mara moja. Watoto wangu hawakumwona. Huniuliza, "Baba, babu alikuwaje?" Nami huwaambia, "Alifanana na mimi." Basi hunitazama kwa muda, halafu Abdala huuliza, "Hivyo tu?" Siku nami nitakapoondoka, watabaki na nini mkononi? Mkia wa gari moshi, kilima kisicho na mtu, na chura mwenye mwavuli wangu.

Kwa hiyo naomba yafuatayo.

Kwanza itolewe amri kwamba mtu yeyote mwenye kamera akiingia kitongojini ampige picha jumbe kabla ya kiumbe kingine chochote, kwa kufuata vyeo: jumbe, wazee wa baraza, watu wengine, ng'ombe, mbuzi, na baada ya hapo akipenda ashuke mpaka kwa vyura.

Kama amri hiyo ni ngumu, naomba sisi watu wa Kwa Mwishehe tuandikwe katika daftari la wanyama wa porini wanaolindwa. Tuko tayari. Tutakula majani mbele ya mashahidi.

Na kama hilo pia haliwezekani, basi naomba chura huyo aapishwe awe jumbe, apewe joho na kazi zote. Ahesabu vizazi na vifo. Aite watu barabarani. Asikilize kesi ya Hemedi na Shomari, ambayo sasa ina mbuzi wawili. Aandike taarifa za kila mwezi kwa mwandiko unaosomeka, na asipoandika aitwe Kisarawe ajieleze, aende kwa miguu yake, aone mwenyewe ilivyo mbali.

Nisalimie karani wako mkuu, na karani mdogo, na tarishi aliyenipa maji siku ile, na mpishi wako ambaye sijamwona ila nilisikia harufu ya kazi yake. Wazee wa baraza wanakusalimu. Mwanne anakusalimu. Hemedi anakusalimu kwa uchungu. Shomari hakunituma, lakini namsalimisha kwa nguvu ya cheo changu.

Ndimi niliye chini yako, na kwa sasa chini ya chura,

Kibwana bin Mwishehe,
Jumbe.

Nyongeza. Bwana Shauri, nilikuwa nalamba bahasha hii Lukasi alipoingia na furushi kutoka kwa Bwana Miguu Mitatu. Ndani mna picha moja na maneno machache. Anasema nikijua nimeelekezewa kamera hukakamaa kama nguzo ya simu, kwa hiyo alinivizia bila mimi kujua, siku Mwanne alipokuwa na homa. Katika picha hiyo nimejifunga kanga ya Mwanne kiunoni, kifua wazi, natwanga mahindi kwenye kinu, mchi uko juu, na mdomo uko wazi kwa sababu nilikuwa naimba. Picha ni safi mno. Hata jino lililopungua panaonekana lilipokuwa.

Kwa sababu hiyo nayaondoa manung'uniko yangu yote, la kwanza hadi la sita, na badala yake naomba itolewe amri kali kwamba majumbe wasipigwe picha kabisa, hata kwa bahati mbaya. Wapigwe vyura. Vyura ni wengi na hawana baraza.

Lukasi anasema nakala ya pili imeletwa kwako bomani kama zawadi. Ukiiona, naomba ujue kwamba mtu huyo si mimi. Ni mtu anayefanana nami kidogo, katika ua unaofanana na wangu.

Mwanne anaomba, kama nakala ya bomani haina kazi, apewe yeye. Ya kwetu Abdala amekwenda kulala nayo, na hakuna anayeweza kuitoa mkononi mwake.