Pacha wa Stelingi

Jumatatu, 9 Juni

Baridi kali. Maji ya ndoo nje yameganda juu. Si kitu! Leo ni siku kubwa.

Mama Germana, mkuu wa kundi letu la simu, Wapenzi wa Muvi Makambako, katangaza saa nne asubuhi. Redio moja ya Njombe mjini inataka mtu mmoja kutoka kundini aende Jumamosi kuchambua muvi hewani. Nusu saa nzima. Mtu mmoja. Nilikuwa dukani nampimia mteja wavu wa kuku. Nikasahau kuhesabu, mteja kaondoka na mita moja ya bure.

Nafasi hiyo ni yangu. Naandika bila majivuno. Miaka tisa nipo katika duka hili la vifaa vya ujenzi, na watu wananiuliza jambo moja tu, misumari iko wapi. Nyumbani mke wangu Tabea huniuliza mambo ambayo ameshayaamua tangu juzi. Kundini tu ndiko watu huniuliza, Methusela, wewe unaonaje? Mtu asiyewahi kuulizwa hivyo hawezi kujua utamu wake.

Sasa Faustine. Kijana wa Manda, kule ziwani, anauza dawa za mifugo mtaa wa pili kutoka kwetu. Ana miezi minne kundini. Minne! Na tayari anasema "sinematografia" mbele za watu wazima. Mama Germana kamwachia yeye achague muvi ya kushindania. Kachagua ya Kikorea, inaitwa Mlinda Daraja. Kila anayetaka redio atume maoni yake kwa sauti, mwisho Alhamisi. Ijumaa kura.

Sijaiona hiyo muvi. Nimeandika kundini kwamba nimeiona mara mbili.

Jumanne, 10 Juni

Nimetoka kazini mapema, nikaenda Mahongole kwa Remmy kuchukua muvi. Remmy ndiye anayetafsiri muvi. Anakaa chumbani na kompyuta na kipaza sauti, anazishusha sauti za wenyewe, kisha anakusimulia yote kwa Kiswahili, na akipandwa na hasira anaingiza Kibena. Wahusika anawapa majina yanayotamkika. Kazi ya maana sana. Faustine anasema tafsiri zinaua filamu. Yeye anasoma maandishi ya Kiingereza chini ya kioo. Nani anakwenda kuangalia muvi ili asome? Tulishamaliza shule!

Nimeiangalia na Tabea baada ya chakula. Muvi nzito. Kuna askari analinda daraja, jina lake Kulwa. Ana kovu kidevuni. Mama yake Mkorea akiingia anasema "Kamwene," salamu ya Kibena kabisa, na Tabea akacheka hadi akamwaga chai. Maadui wanakuja na vifaru. Katikati ya muvi Kulwa anapigwa risasi, anakufa pale pale darajani.

Nikapigwa na butwaa. Stelingi, mwenye muvi, hafi! Hilo anajua kila mtu, hata mtoto wa chekechea. Stelingi anapigwa, anachomwa, anatupwa mtoni, anarudi. Nikataka kuzima. Ndipo Remmy akasema, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba Kulwa alikuwa na pacha. Doto! Na kweli, dakika chache baadaye Doto huyo hapo, kijana, mzima wa afya, anapanda baiskeli na msichana.

Nikasimama. Nikapiga makofi peke yangu. Kumbe stelingi ni Doto! Kulwa alikuwa anamshikia nafasi tu.

Tabea akauliza mbona Doto naye ana kovu kidevuni. Nikamjibu kwamba mapacha hufanana. Akauliza, hata makovu? Wanawake wengine hawana subira ya sanaa.

Jumatano, 11 Juni

Nimedhalilishwa.

Jioni watu wa kundi hukutana kwenye meza ya mitumba ya Mama Germana, anakouza majaketi. Faustine alikuwepo, amevaa vile visikilizio vyake vya simu shingoni kama daktari. Akatangaza kwamba uzuri wa Mlinda Daraja ni ujasiri wa kumuua stelingi katikati ya filamu.

Kumuua stelingi! Nikamwuliza mara tatu, nani kafa? Akasema stelingi. Nikamwambia akifa si stelingi. Hiyo ndiyo sheria, nayo ilikuwepo kabla yeye hajazaliwa. Mzee Joackim, mstaafu wa reli, mtu wa muvi za vita tu, akaniunga mkono kwa kugonga fimbo chini. Faustine akatabasamu. Akasema, kwa adabu ya kukera, kwamba kila mtu ana mtazamo wake, kaka Methusela.

Sikutaja pacha. Hiyo naiweka kwa redio. Huyu bwana hakumwona Doto kabisa! Macho yalikuwa chini, anasoma.

Nikamvuta Mzee Joackim pembeni. Nikamnong'oneza, kwa siri, kwamba Faustine huangalia muvi kwa kuzikimbiza, muvi ya saa mbili anaimaliza kwa saa moja. Nilidhani itamchafua. Mzee akamfuata palepale, akamwomba amfundishe, maana na yeye macho yanachoka na sehemu za mapenzi zinamchosha. Nimewaacha wameinamia simu moja, wanacheka. Mzee alikuwa kura yangu!

Alhamisi, 12 Juni

Nimetuma maoni yangu. Dakika kumi na moja. Nilijifungia stoo, kwenye mifuko ya saruji, ili sauti itulie. Nimezungumzia ujasiri, daraja, uchungu wa mama, na nikafunga kwa kusema muvi hii ina siri ambayo wasomaji wa maandishi hawakuiona. Maneno makali lakini ya haki. Bosi wangu, Kornelio, kagonga mlango akiuliza naongea na nani humo. Nikasema nahesabu mifuko.

Faustine katuma dakika mbili. Mbili! Na watu wamemwekea mioyo.

Mpango ukanijia wakati wa chai. Kura ni za wanakundi, na Mama Germana aliniruhusu zamani kuongeza watu. Nimeongeza saba: shemeji wawili, binamu watatu, jirani yangu Benno, na shangazi Lidia wa kule shambani. Shangazi hajawahi kuona muvi, ila simu anayo. Si udanganyifu. Wapenzi wa muvi ni pamoja na watakaozipenda baadaye.

Saa mbili usiku shangazi Lidia kaandika kundini, "Poleni sana wafiwa, Bwana awatie nguvu, mazishi ni lini?" Kadhani ni kundi la msiba. Mzee Joackim kamjibu kwamba aliyekufa ni Kulwa. Shangazi akauliza Kulwa wa nani. Watu wamecheka ukurasa mzima. Sijaona cha kuchekesha.

Ijumaa, 13 Juni

Kura. Shemeji wote wangu. Binamu wote wangu. Benno wangu. Hadi saa kumi jioni nilikuwa kumi na saba, Faustine kumi na sita, na aliyebaki ni mtu mmoja tu, shangazi Lidia. Nikaanza kupiga pasi suruali.

Shangazi kampigia kura Faustine!

Nimempigia simu. Nimemwuliza, shangazi, damu yako ni ipi? Kasema damu yake ni mimi, hilo halina ubishi, lakini yule kijana wa dawa alimponya ng'ombe wake aliyekuwa na mimba, akaja mwenyewe kwa miguu kwenye mvua. Mimi nimemletea nini? Nikamkumbusha kwamba Krismasi nilimletea kalenda. Kasema anayo, asante.

Sare. Mama Germana kaamua twende wote wawili. Nusu saa yangu imekatwa kama mkate! Nimelala na hasira. Tabea kaniambia nishukuru, kwani mwenzangu ameiona filamu yenyewe. Nimegeukia ukutani.

Jumamosi, 14 Juni

Naandika hata viatu sijavua.

Tulifika Njombe saa tatu. Mtangazaji anaitwa Erica, dada mchangamfu mno. Aliuliza nani aanze. Nikaanza kabla hajamaliza swali.

Nilikuwa vizuri. Nasema kweli tupu. Nilieleza sheria ya stelingi. Nikaeleza kwamba wengi wamedanganywa na kifo cha Kulwa. Kisha nikashusha sauti, kama Remmy, nikamtoa Doto. Erica akashika mdomo. Akasema, "Pacha! Jamani!" Nikafafanua mapacha wale wawili: mmoja kwa vita, mmoja kwa amani, mama mmoja analia kwa jicho moja na kucheka kwa la pili. Sijui nilipata wapi maneno hayo. Nilikuwa nimefunga macho. Mkoa mzima ulikuwa unanisikiliza, na hakuna aliyeuliza misumari.

Nilipofumbua macho, Faustine alikuwa ananitazama kwa namna ya ajabu. Si dharau. Ilikuwa kama huruma, ambayo ni mbaya zaidi. Erica akamwuliza yeye anaonaje kuhusu pacha. Akasema angependa kumsikiliza kaka Methusela zaidi. Nikajua nimemmaliza.

Simu zikafunguliwa. Wa kwanza, mama wa Makambako, akasema Doto alimliza sana. Mnaona! Wa pili alikuwa Remmy.

Remmy mwenyewe, kutoka Mahongole. Nilimkaribisha kwa furaha. Akashukuru kwa kazi yake kutangazwa redioni. Kisha, bila kuulizwa na mtu, akaeleza. Kioo cha kompyuta yake kimepasuka chini, maandishi hayaonekani, na Kikorea hakijui hata neno. Huwa anatazama sura za watu na kukisia. Sasa askari alipokufa, halafu akaonekana tena kwenye baiskeli, Remmy akaona hapa kuna kazi. Na stelingi akifa wateja hawarudi. Basi akamtungia pacha. Lakini juzi kaka mmoja wa dawa za mifugo alimwambia kwamba ile sehemu ya baiskeli ni kumbukumbu tu, marehemu akiwa kijana. "Kwa hiyo pacha hayupo, kaka Methusela, ila umemweleza vizuri kuliko mimi."

Erica akaangalia karatasi zake.

Mtu mwingine angenyamaza. Mimi nikasogea kwenye kipaza sauti, nikamwambia Remmy kwamba hajaielewa filamu yake mwenyewe.

Akasema pacha kamtunga yeye. Nikamwambia kutunga ni jambo moja, kuelewa ni lingine. Akasema kovu ni lile lile. Nikamwambia mapacha hufanana. Erica akacheka hadi akaweka wimbo. Tulibaki na dakika tisa. Wimbo ulizila zote.

Jumapili, 15 Juni

Kanisani watu wameniita Doto. Mlangoni, Doto. Kwenye kwaya, sauti ya tatu nzima, Doto. Mzee Joackim kanipa mkono akaniuliza Kulwa kabaki nyumbani? Nimetoka kabla ya matangazo. Nimemwambia Tabea kwamba nahama mji huu. Kaniuliza, wote wawili?

Mchana Faustine kaja. Mlangoni kwangu! Nilijiandaa kumfukuza. Alikuwa na flashi yenye muvi yenyewe, isiyotafsiriwa, akasema kama sitajali tuiangalie pamoja, atanisomea maandishi kwa Kiswahili. Tabea akamkaribisha kiti kabla sijajibu. Akamwekea na viazi.

Nikamwuliza kwa nini alinyamaza redioni, hali akijua. Akasema nilikuwa naongea kwa furaha sana, hakuwa na moyo wa kunikatiza. Nimekasirika upya. Mtu anakuacha uzame kwa heshima!

Tumeiangalia. Alisoma polepole, bila mbwembwe. Askari hana jina la Kulwa, ana jina refu lao. Anakufa. Baiskeli inakuja, na maandishi yanasema ni miaka sita kabla. Mwishoni mama anasimama kaburini. Kaburi ni moja. Jina ni moja. Anasema alizaa mtoto mmoja tu na ameuzika mkono wake wa kulia.

Nililia. Naandika wazi kwa kuwa humu hasomi mtu. Nililia mpaka Faustine akajifanya anatafuta kitu chini ya kiti.

Baada ya kunawa uso nikatoa uamuzi wangu. Wakorea wamekosea. Mama mzuri vile wanamwacha peke yake? Walikuwa na nafasi ya pacha, wakaipoteza! Remmy kawasahihishia kazi yao, na badala ya kumshukuru tunamcheka. Faustine akasema kila mtu ana mtazamo wake. Akala viazi vilivyobaki.

Jumatatu, 16 Juni

Nimepambazukiwa na nuru. Nimekuwa nikiona mambo vibaya!

Leo dukani wateja wanane wameingia kuniuliza kuhusu Doto. Wanane kabla ya saa sita! Mmoja kaja kutoka stendi makusudi. Hawakununua kitu. Walitaka maoni yangu tu. Wengi walikuwa wanacheka, kwa ile furaha ya mtu aliyefumbuliwa macho. Bosi Kornelio kauliza wanataka nini wote hawa, nami nikamjibu, elimu.

Saa nane Erica kapiga simu. Anasema redio haijawahi kupata simu nyingi kama zile, anatutaka tena Jumamosi, mimi na Faustine. Nilijua! Muvi ya safari hii ni ya mwanamke aliyepotea thelujini. Faustine kashaniletea flashi, isiyotafsiriwa, na kasema atakuja Alhamisi anisomee. Nimemwambia asijisumbue. Flashi sijaichomeka, na maoni yangu yameshafika ukurasa wa nne.

Wanasema huyo mwanamke yuko peke yake kwenye theluji tangu mwanzo hadi mwisho. Peke yake! Dada yake atakuwa kajificha mahali, na Jumamosi, mbele ya mkoa mzima, nitamtoa.