Ombi la Kutambuliwa Kuwa Mwanzilishi wa Sikukuu ya Jua

Kwa Mallku, kiongozi wa kijiji chetu cha Jankocala, Don Gumercindo Colque, pamoja na mkeo Mama Eulalia, maana uongozi wetu hubebwa na wawili.

Salamu kwa heshima zote. Najua wewe ni mpwa wangu, na kwamba nimekufuta makamasi kwa poncho ya sufu niliyoivaa mwenyewe, lakini leo nakuandikia kama raia kwa kiongozi wake, kwa hiyo hayo ya makamasi sitayagusa.

Nimekiona kibao mnachotaka kukisimika kilimani tarehe ishirini na moja Juni, jua litakaporudi na mwaka wetu mpya kuanza. Kimeandikwa kwamba sikukuu hii ilianzishwa na mababu zaidi ya miaka elfu tano iliyopita. Mheshimiwa, mimi nina miaka sitini na saba. Sikukuu hii niliianzisha mimi.

Ushahidi naurudia, ingawa siku hizi nikianza tu kuusimulia watu hukumbuka shughuli zao. Juni ile nilikuwa na wiki moja ya ndoa. Nilikabidhiwa fahali wa baba mkwe nimpeleke malishoni, nikapita uwanjani, nikakuta vijana wamepungukiwa golikipa. Tulifungwa saba na fahali akapotea. Niliporudi giza lilikuwa limeingia. Nikausukuma mlango wetu, ukagoma. Nikasukuma tena. Nikajua mke wangu Primitiva amenifungia nje, na kwa aibu ya yule fahali sikuthubutu hata kubisha hodi. Nikapanda kilimani nikatetemeka mpaka alfajiri. Jua lilipochomoza nikaliinulia viganja vyote viwili, kwa sababu vidole vilikuwa vimekufa ganzi.

Hapo wakatokea bibi wawili wenye mizigo mgongoni. Mmoja akaniuliza, "We kijana, unafanya nini huku?" Ningesemaje, kwamba mke kanifungia? Nikajibu, "Naupokea mwaka mpya, bibi." Wakatazamana. Wakatua mizigo, wakasimama kando yangu, wakainua mikono. Mwaka uliofuata tulikuwa kumi. Leo ofisi zinafungwa nchi nzima.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kibao hakinitaji. Sidai sanamu. Mstari mmoja unatosha, ingawa nafasi ya sanamu ipo, nimekwenda kuipima.

2. Mwaka jana niliwekwa nyuma ya wageni kutoka La Paz, upande wa moshi wa sadaka. Jua la kwanza alilipata mpiga picha. Mimi nililetewa makombo.

3. Sikukuu haifuatwi kama ilivyoanzishwa. Watu wanakuja wameshiba, wamevaa soksi mbili mbili! Naomba iamriwe kwamba mkesha wa siku hiyo kila mke amfungie mumewe nje bila poncho. Nililipeleka wazo hili kwenye mkutano wa akina mama, likapita kwa vigelegele kabla sijamaliza kulisoma. Wageni watakaokuja bila wake zao watafungiwa nje na mpishi wa sikukuu.

4. Nimekumbuka vizuri zaidi, na mechi ile ilichezwa tarehe ishirini na saba. Naomba sikukuu isogezwe mbele siku sita au saba, na jua lijulishwe.

5. Hili ndilo linaloniuma. Tangu nihojiwe redioni, Primitiva amehamia kwa dada yake Benigna. Alipokuwa anafunga mzigo alisema, "Miaka arobaini na miwili unanitangaza kuwa nilimtupa mume kwenye barafu. Sasa na redioni! Haya, kalipokee jua na hao waliokufunga saba." Nawe unajua kuwa kilimani mtu husimama na mwenzake. Asiye na mwenzake husimama huko nyuma, karibu na punda. Mwanzilishi mzima, kando ya punda! Naomba, kwa mamlaka uliyonayo, umwamuru arudi. Supu ninayojipikia mbwa ameinusa akaenda zake. Namkumbuka sana, Gumercindo. Nyumba imekuwa baridi kuliko kilima.

Nisalimie Mama Eulalia, watoto, mama mkwe wako ambaye huwa hanijibu, na lama mweupe wa zizini kwako aliyekula kofia yangu. Wote nawatakia mwaka mpya mwema, kwa idhini yangu.

Wako mtiifu, ingawa natetemeka,
Nicasio Tarqui
Mwanzilishi, na golikipa mstaafu

Nyongeza baada ya sahihi: Barua hii nilimpelekea Primitiva kupitia kwa Benigna anisahihishie, maana yeye ndiye msomi wa nyumba. Imerudi na maneno haya nyuma yake:

"Mzee, mmoja wa wale wawili wa kilimani alikuwa bibi yangu, Asunta, nawe hukumtambua. Walipanda pale kila Juni tangu wakiwa wasichana, na mama zao kabla yao, kimyakimya kwa sababu padri aliwakemea. Mizigo ile ulidhani ni kuni? Ni majani ya koka na mafuta ya lama ya kulitolea jua sadaka. Wakakukuta umesimama mahali pao unalia, wakakuhurumia. Na mlango wetu haukuwa na komeo mpaka alipozaliwa mtoto wetu Remedios. Baba yangu aliutundika ufungukie nje, wa kuvutwa. Wewe ulikuwa unasukuma. Mimi nilikuwa macho na supu yako ya viazi, nikadhani ni upepo. Nilikungoja mpaka moto ukazimika. Nimekwambia haya mara kumi, hukuwahi kunyamaza ukasikia."

Mheshimiwa, kibao kibaki kama kilivyo. Nafuta la kwanza, la pili na la nne. La tatu nasikia akina mama hawakubali tena lifutwe. La tano nimelishughulikia mwenyewe. Leo asubuhi nimevaa poncho safi, nikafunga koka na mafuta katika kitambaa cha bibi Asunta, nikakibeba mgongoni hadi kwa Benigna. Nilisimama mlangoni muda mrefu nikitafuta maneno ya kuomba radhi. Mwishowe nikausukuma mlango. Ukagoma. Nikageuka niondoke.

Sauti ya Primitiva ikatoka ndani: "Vuta, mzee. Vuta."