Kwaya ya Januari Mosi

Jumamosi, 2 Desemba 2023
Wacuka, mratibu wetu wa kampeni hapa Irving, katangaza: jina la mgombea wetu wa urais haliingii kwenye karatasi za kura za mchujo Texas mpaka tukusanye sahihi za wapiga kura, kila moja na anwani na tarehe ya kuzaliwa. Mwisho Jumatatu tarehe 11. Atakayeleta nyingi atamkaribisha mgombea jukwaani Houston. Ni mimi! Nimeshampigia mama mkwe Moshi. Vicent, mkusanyaji mwenzangu, naye anajipitisha na suti yake ya harusi. Maskini.

Jumapili, 3 Desemba
Vicent kaenda Sharpstown, kule Houston, kusaka Wakenya. Mimi Fort Worth, kanisa la Wakongo. Kwaya nzima ni raia wapya, wameshajiandikisha kupiga kura, na hakuna aliyewahi kuwaomba sahihi! Mama Bernadette, kiongozi wao, alivaa miwani, akaandika polepole, akaitazama karatasi. Alisema ndiyo mara yake ya kwanza kutia sahihi jambo la siasa bila kuogopa. Machozi yalinilenga. Wakaniletea samaki na fufu, ugali wa kwao, machozi yakakauka.

Jumanne, 5 Desemba
Balaa! Nimepitia karatasi. Kwaya nzima imezaliwa Januari Mosi! Sauti ya kwanza, besi, mpiga kinanda. Vicent akiona atasema nimeghushi. Nimewagawia siku nyingine, kwa upendo. Mpiga kinanda Agosti. Mama Bernadette nimempa 14 Mei, siku nzuri. Mke wangu Flaviana akauliza wino mweupe wa kufutia mezani ni wa nini. Nikamjibu ni usafi.

Alhamisi, 7 Desemba
Wacuka kalinganisha na daftari la wapiga kura. Za kwaya zimekataliwa zote. Kumbe mkimbizi asiyejua siku yake huandikiwa Januari Mosi! Flaviana ni nesi, alijua siku nyingi. Nusu ya wagonjwa wake ni wa Januari. Alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nimeiharibu sahihi ya kwanza ya Mama Bernadette.

Jumamosi, 9 Desemba
Nimekwenda kuomba radhi. Nilijiandaa kufukuzwa. Mama Bernadette alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kwa nini Mei. Nikasema nilimwonea huruma, Januari ni baridi. Akatabasamu, kisha akaacha.

“Papa Elimringi, ile tarehe walinipatiaka ku kambi. Njo ile ile iko ku karatasi yangu ya uraia. Uniachie yangu.”

Akatia sahihi upya, akaita kwaya nzima ifanye vivyo hivyo. Nampenda sana mama huyu. Wacuka kasema nizipeleke Jumatatu asubuhi na nisiguse kitu.

Sigusi. Tarehe ni zao, sahihi ni zao. Ila sasa ndiyo naona: anwani zao zote ni za jengo moja. Kwaya nzima, jengo moja! Vicent atasemaje? Flaviana yuko zamu. Nitawahamisha wachache tu, niwape nyumba nzuri zenye bustani.