Ombi la Kuinyamazisha Kompaila

Ndugu Mkuu wa Kitengo cha Mitambo,

Kwa heshima zote, na kwa hasira niliyokwisha kuipoza kwa chai, naandika kuilalamikia kompaila, ile programu inayokagua msimbo wetu, yaani maagizo tunayoiandikia kompyuta, kabla ya kuukabidhi kwa mashine. Msimbo unaoendesha matanuri ya kiwanda hiki niliuandika mimi, na mkate unaiva. Hata hivyo wewe, Mkuu, umeninyima ruhusa ya kwenda kumwoza binti yangu mpaka maonyo ya kompaila yaishe, eti ili mwenzangu wa zamu aweze kuusoma nikiwa sipo. Haya, nisikilize.

1. Joto la tanuri nimelipa jina la "mamamkwe", kwa kuwa hupanda bila sababu. Kompaila inasema jina hilo halielezi kazi yake. Kwani yenyewe imewahi kuoa?

2. Inasema mabano yangu hayana haja. Hayana haja kwa nani? Nimeyaweka kwa sababu nayapenda.

3. Inasema mstari wangu mmoja ni mrefu mno kwa binadamu kuusoma. Nilipoukata, ikanuna kwamba sasa mistari ni mingi. Jamani! Hata mke wangu huniacha nipumue kidogo kati ya kosa na kosa.

4. Kama kuna kosa, iseme kosa. Kama hakuna, ifunge mdomo. Huu umbea wa "si vibaya, ila ingependeza" tuwaachie majirani.

5. Na hapa ndipo penyewe. Msimbo ukisomeka na kila mtu, mimi nitakuwa wa nini? Leo atausoma mwenzangu, kesho mlinzi wa getini, keshokutwa matanuri yatajisomea yenyewe na kuniaga. Mtu anayeeleweka kirahisi hakai kazini.

Kwa hiyo naomba kompaila inyamazishwe, iniombe radhi kwa maandishi, na ihamishiwe kitengo cha usafi, ambako kusumbuana kwa vitu vidogo ndiyo kazi. Kwa kuwa najua utakubali, nimeizima mwenyewe. Maonyo yameisha, nami nimeshaondoka.

Wasalimie wapakiaji, mama wa chai, mlinzi, na mwenzangu wa zamu, ambaye namtakia usomaji mwema.

Ni mimi, mtumishi wako niliyechoka kuonywa,
Fundi wa Matanuri

N.B. Kabla sijaituma barua hii, mwenzangu amenipigia simu. Matanuri yamegoma kuwaka, unga umeumuka mpaka unamwagika kwenye trei, na anauliza aguse wapi. Nimejifungia msalani hapa kwenye ukumbi wa harusi, nimeufungua msimbo kwenye simu, na haki ya Mungu, Mkuu, sielewi hata mstari mmoja. Tafadhali iwasheni kompaila sasa hivi, mnisomee maonyo yote, taratibu, hata lile la mabano. Binti yangu alikuwa anagonga mlango. Sasa hagongi tena. Nasikia anaitwa baba yake mdogo aje amshike mkono.