Maziwa au Mtindi

Jumatatu, 4 Mei
Mama Épiphanie, mama mkwe wangu, anawasili Jumamosi kutoka Huye. Mwaka jana alikaa siku tatu akaondoka: chumba chetu cha wageni, alisema, ni cheupe kama zahanati. Safari hii nataka abaki kabisa. Tatizo, kwa hiyo, ni rangi. (Hitimisho la awali.) Raihana, fundi wetu kutoka Nyamirambo, amepaka ukutani mabaka mawili na kubandika jina chini ya kila moja: Maziwa, Mtindi. Frederick, mume wangu na msomi mwenzangu, anataka Maziwa. Mtindi, ni dhahiri, una joto zaidi. Dhahiri kwangu, angalau. Kabla ya saa kumi jioni, mwanga ukiwa bado mzuri.

Jumanne, 5 Mei
Frederick anashikilia kwamba mama yake alikulia kwenye ng'ombe, Maziwa yatamtuliza. Nikamkumbusha kuwa mtindi nao hautoki kwa mbuzi. Raihana akauliza, “Dada, tunapaka chumba ama tunafungua baa ya maziwa?”

Jumatano, 6 Mei
Hila! Frederick alipokwenda kazini, nilihamisha karatasi za majina, hii pale, ile hapa. Akichagua Maziwa yake, atapata Mtindi wangu. Si uongo, ni tafsiri. Neno hilo bado nalitafakari.

Alhamisi, 7 Mei
Janga. Frederick, kwa upole usiovumilika, amekubali kushindwa. Nikiwa sokoni amemwelekeza Raihana apake rangi ya baka lenye karatasi ya Mtindi, kwa kuwa mke wake ana jicho la rangi. Chumba kizima sasa ni Maziwa! Nimemshukuru kwa machozi. Alidhani ni ya furaha. Kwa kiasi fulani yalikuwa.

Ijumaa, 8 Mei
Nimekaa humo saa nzima nikijaribu kuuchukia ukuta. Siwezi kuapa kwamba si Mtindi.

Jumamosi, 9 Mei
Mama amefika. Ametukumbatia, akazunguka chumba, akagusa ukuta. “Wanangu, asante. Sasa rangi mtapaka lini?”
Frederick alinitazama. Nilitazama dari.
Mama akatangaza kwamba haondoki mpaka ipakwe mbele ya macho yake, tena ya kijani, kama isombe ya majani ya muhogo chunguni. Ikikauka, atakaa aone kama inadumu. Wasomi, alisema, hawaachiwi ukuta peke yao.
Anabaki! Nadharia yangu kuhusu rangi imethibitika. Nadhani.

Jumapili, 10 Mei
Raihana ameleta kijani cha aina mbili: Isombe Mbichi, Isombe Iliyoiva. Frederick anapenda Mbichi. Amekosea, ni dhahiri. Karatasi nimezibandika mwenyewe safari hii, kwenye pembe moja tu, zisishike sana.